Gauni Fungua, Buibui Funga

Maneno hayo manne yako mgongoni mwa flashi ya shangazi yangu, kwenye kipande cha plasta nyeupe, ile ya kidonda, yameandikwa kwa kalamu ya biki. Chini yake palikuwa na mstari mwingine lakini jasho la vidole limeufuta. Kwa miaka mingi nilidhani ni mzaha wa wanawake wa harusi. Kumbe ni hesabu.

Flashi yenyewe ni Vivitar 283. Nyeusi, nzito, kichwa chake kinainuka kama cha kuku anayekunywa maji, na mbele ina kidude cha duara chenye rangi nne: njano, nyekundu, buluu na zambarau. Inakula betri nne za AA, zile ndogo za saa ya ukutani. Shangazi aliitumia tangu katikati ya miaka ya 1980 mpaka filamu zilipoadimika madukani, ikiwa juu ya Pentax K1000, kwenye harusi za Mombasa, upande wa wanawake. Huo upande wa wanawake ndio uliompa kazi. Usiku wa kupamba, bibi harusi anapoketishwa juu na hina yake, na dhahabu yake, na nywele ziko wazi, mwanamume haingii ukumbini hata awe na kamera bora kuliko zote Pwani. Shangazi alifundishwa kushika kamera na mumewe, Mungu amrehemu, kisha akaingia mahali ambapo mumewe mwenyewe hangeweza kuingia.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya binti ya ami yangu. Siku hizi simu zinakusanywa mlangoni kwenye kapu, na mpiga picha lazima awe mwanamke tena wa kuaminika. Yule aliyekuwa amekodishwa alijitoa siku nne kabla. Familia ikatazama huku na huku ikaniona mimi, kwa sababu ninaandika makala, na kwa mawazo ya watu wa kwetu mtu anayeandika makala lazima ana kamera. Sina. Nina rafiki mwenye kamera ya dijitali. Alikubali kuniazima, kisha akanitajia bei yake polepole, ili tuelewane. Ilikuwa zaidi ya ninachopata kwa miezi sita ya kuandika, na hapo ni kama wahariri wote wamelipa.

Flashi ya maana hakuwa nayo. Ukumbi ninaujua, una giza na taa za rangi rangi zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Nikaenda Kibokoni kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta. Iko kabatini, nyuma ya mashuka. Itie betri uione."

Niliitia betri lakini sikuichomeka kwenye kamera. Niliwahi kusoma mahali kwamba flashi za zamani huunguza kamera za kisasa, na nilitaka kwanza kujua kwa nini. Ukitaka kujua kwa nini, inabidi urudi nyuma mpaka enzi za unga.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na kemikali za kuupa oksijeni, wakapata kitu kinacholipuka kwa mwanga mweupe mkali. Kabla ya hapo usiku ulikuwa hauna picha, au tuseme zilikuwepo chache, za shida. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi New York, alisoma kuhusu unga huo akaona kazi yake imefika. Akaanza kuingia usiku katika vyumba vya maskini wa Manhattan, watu wamelala wamebanana sakafuni, akalipua, akapiga, akaondoka. Mwanzoni alilipulia kwenye kitu mfano wa bastola. Watu walipoogopa bastola akahamia kwenye kikaango. Kikaango cha jikoni, nakwambia. Usiku mmoja alikuwa kwenye chumba cha ombaomba vipofu, na matambara na makaratasi ya ukutani yakashika moto. Akahangaika kuuzima peke yake huku wenye chumba hawaoni kinachoendelea. Kitabu chake, How the Other Half Lives, kilitoka mwaka 1890 na kilisaidia kubadilisha sheria za nyumba za kupanga, hilo halina ubishi. Lakini kila nikizitazama picha zile namwona mtu aliyeamshwa kwa mlipuko.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 moto ule ukafungiwa ndani ya kioo. Balbu ya flashi ilikuwa na karatasi nyembamba ya chuma na oksijeni ndani. Inawaka mara moja, inatupwa. Kisha, katika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa MIT, yule wa picha ya tone la maziwa linalopasuka kama taji, akaonyesha kwamba unaweza kupata mwanga uleule bila kuchoma chochote: jaza umeme kwenye kapasita, umwage wote kwa mpigo kupitia mrija wa gesi. Mrija hauishi. Unaweza kufyatua tena na tena.

Flashi ya shangazi ni mjukuu wa mrija huo. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kapasita zilikuwa za mwaka wa kwanza, kwa hiyo hapa niliweza kujifuatilia. Ukiwasha unasikia sauti nyembamba ikipanda, wiiii: hizo ni volti sita za betri zikipandishwa hadi karibu 300 na kuwekwa kwenye kapasita kubwa. Pembeni kuna kapasita nyingine, ndogo. Kamera inapogusanisha ncha mbili, hiyo ndogo inamwagika kwenye koili, koili inatoa maelfu ya volti, gesi ya zenoni ndani ya mrija inafunguka njia, na ile kubwa inapita yote. Kwenye kamera kama K1000 kinachogusanisha ncha hizo ni vipande viwili vya chuma. Chuma hakijali kama ni volti 6 au 250. Waliotengeneza flashi walijua hivyo, wakaacha volti za kapasita ndogo zifike moja kwa moja hadi mguuni mwa flashi. Ilikuwa rahisi na haikumdhuru mtu, ila aliyegusa pale chini kwa kidole chenye jasho. Shangazi anasema inauma kama tandu.

Kamera ya dijitali haina vipande vya chuma. Ina swichi ya silikoni isiyosogea, na silikoni ina kikomo chake. Nikon huandika kwenye vitabu vyao vya mwongozo kwamba pale juu pasipewe zaidi ya volti 250. Kuna kamera za mwanzo za dijitali za Canon ambazo kikomo kilikuwa 6. Kiwango cha kimataifa, ISO 10330, kinataja 24. Kitabu cha kamera niliyoazimwa kilisema tu nisifunge flashi ya volti kubwa. Kubwa kiasi gani? Kimya.

Shida nyingine ni kwamba Vivitar 283 si kitu kimoja. Ilitengenezwa kwa miongo kadhaa, nje inafanana, ndani imebadilika. Zile za mwanzo kutoka Japani zinaweza kutoa zaidi ya volti 200. Za baadaye, kutoka Korea na Uchina, nyingi hutoa chache tu. Nikaigeuza ya shangazi. Japani.

Nikampelekea fundi wa redio karibu na Markiti. Alisubiri taa ndogo ya nyuma iwake, akaweka waya mwekundu wa mita kwenye kitone cha katikati na mweusi kwenye chuma cha pembeni. 238.

"Dada, ukiiweka hii juu ya kamera, uiage kabisa," akasema. Nikamlipa mia, akanirudishia hamsini kwa sababu hakutengeneza kitu.

Basi hapo ningeweza kuacha. Dukani kuna flashi mpya za Kichina za bei nafuu, na mtu mwenye akili angekodi moja. Lakini nilikuwa nishaanza kuiandaa. Vyuma vya betri vilikuwa vimeota ukoko wa kijani, chumvi ya bahari na betri zilizovuja vikishirikiana, nikavisugua kwa ndimu na kitambaa. Kisha kapasita. Ikilala miaka mingi, ule utando mwembamba wa oksidi ulio ndani yake hudhoofika, kwa hiyo huiwashi na kuanza kufyatua kama uliyeizoea. Unaiwasha, unaiacha ikae imejaa, unafyatua, unasubiri, unarudia. Mara ya kwanza ilichukua karibu dakika nzima kujaa. Kufikia magharibi ilikuwa sekunde kumi na kitu, na shangazi akawa anasikiliza ile sauti akiwa jikoni na kusema, "Bado... bado... haya, sasa."

Ndipo nikamuuliza kuhusu plasta.

Kuelewa alichonijibu, jua hivi. Flashi za zamani zaidi zilikuwa zinatoa mwanga wote kila mara, na mpiga picha alipiga hesabu: namba ya flashi, gawanya kwa umbali, unapata tundu la lenzi. Namba ya 283 ni 36 kwa mita, kwa filamu ya ASA 100. Bibi harusi yuko mita 4.5? Tundu ni f/8. Akisogea kukumbatiwa na mama yake, anza upya. Katika miaka ya 1960 flashi zikapewa jicho: sensa mbele inayopima mwanga unaorudi kutoka kwa anayepigwa picha, na ukishatosha inaukata, yote hayo ndani ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Mwanzoni umeme uliobaki ulimwagwa bure. Miaka ya 1970 ikaja thairista, swichi inayozuia uliobaki ukae kwenye kapasita kwa picha ijayo, betri zikadumu, flashi ikawahi kujaa. Hizo rangi nne za 283 ni makubaliano kati yako na jicho hilo. Ukichagua buluu na filamu ya ASA 100, weka lenzi f/8, mengine niachie mimi.

Ila jicho halijui linatazama nini. Linajua tu mwanga umerudi kiasi gani, na limefundishwa kwamba dunia yote, kwa wastani, ni kijivu.

"Mtu amevaa gauni jeupe," shangazi akasema, huku akichambua mchele, "nguo inarudisha taa yote. Flashi inadhani imemaliza, inakata. Sasa gauni linatoka la kijivu na uso wa mtoto wa watu umeingia gizani. Basi unafungua tundu. Akija mama mkwe na buibui, nguo inameza taa. Flashi inamwaga na kumwaga, uso unatoka mweupe kama unga wa sembe. Unafunga."

"Ulijuaje?"

"Kwa hasara. Filamu ina picha 36. Wa kwanza nilimharibia kumi na mbili. Harusi hairudiwi, mwanangu." Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Ngumu kuliko zote ni mweusi aliyevaa nyeupe. Na hiyo ndiyo kila harusi."

Nimesoma miongozo kadhaa ya flashi hii na sijaona mahali palipolisema jambo hili kwa maneno manne.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi wakubwa zake walivyokufa mapema kuliko yenyewe. Mwaka 1975 Olympus walitoa OM-2, iliyopima mwanga wa flashi ndani ya kamera, ukidunda kutoka kwenye filamu yenyewe. Ilikuwa akili kubwa, na kila kampuni ikaiga kwa lugha yake, kwa vipini vyake vya ziada chini ya flashi. Minolta mwaka 1988 wakabadilisha hata umbo la pale pa kuchomeka, na Sony waliorithi kamera hizo wakabaki na umbo hilo mpaka 2012. Kisha dijitali ikaja. Sensa ya dijitali hairudishi mwanga kama filamu inavyourudisha, hivyo upimaji ule ukakosa pa kushika. Canon tangu 1995, na Nikon kwa mfumo wao wa 2003, wakahamia kwenye mwako mdogo wa kwanza: flashi inatoa kamwanga ka kupima, kamera inapiga hesabu, ndipo mwanga wenyewe unakuja. Flashi ya bei kubwa ya miaka ya 1990, iliyozungumza na filamu tu, ukiiweka leo kwenye kamera mpya inakuwa bubu. Ile ya shangazi haikuwahi kuzungumza na kamera yoyote. Iliambiwa tu "sasa". Na kila kamera bado inajua kusema "sasa".

Shida ni njia ya kulisema bila volti 238 kupita. Mwaka 2006 David Hobby, mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun, alianzisha Strobist na kuwafundisha watu duniani kote kuitoa flashi juu ya kamera na kuiweka pembeni, kwenye stendi, kwenye rafu, mkononi mwa rafiki. Vivitar na Nikon kuukuu zilizokuwa zikiokotwa kwa bei ya mboga zikapanda bei. Watu walifanya hivyo kwa ajili ya uzuri, maana mwanga wa pembeni unaupa uso umbo. Mimi nilifanya kwa hofu ya deni. Fundi aliniuzia jicho la kufyatulia, kidude kinachochomekwa mguuni mwa flashi, kikiona flashi nyingine inawaka nacho kinaifyatua yake. Hakuna waya kati yake na kamera. Ile flashi ndogo iliyo ndani ya kamera ya rafiki yangu ndiyo ingesema "sasa".

Tukajaribu sebuleni. Vivitar ikalipuka vizuri, chumba kizima kikawa cheupe, na picha ikatoka nyeusi. Tena. Nyeusi. Mara ya tano nikataka kulia. Shangazi akavaa miwani akatazama, si kamera, bali ukuta.

"Hiyo ndogo inapiga mara mbili," akasema.

Mimi sikuwa nimeona kitu. Ni mwako ule wa kupima! Jicho liliona kamwanga ka kwanza, likadhani ndiyo amri, likamwaga kila kitu kabla shata haijafunguka. Flashi ya wakati wa K1000 haijui kwamba kamera za siku hizi hubisha hodi kwanza. Nikatafuta kwenye menyu, nikaitoa flashi ndogo kwenye otomatiki, nikaiweka manuali kwa nguvu ya chini kabisa, ikawaka mara moja tu. Shata nikaiweka 1/125, ingawa K1000 ilikuwa haivuki 1/60 ukiwa na flashi. Shangazi akatokea kwenye kioo cha kamera, ameshika sinia la mchele, nusu ya uso kwenye mwanga.

"Funga kidogo," akasema. Alikuwa amevaa nyeusi.

Usiku wa kupamba nilimpa binamu yangu mdogo ashike flashi, kichwa kimeelekezwa darini na lile jicho la rangi nne likimtazama bibi harusi. Kwenye 283 kichwa kinainuka lakini sensa inabaki mbele. Jicho la kufyatulia lina udhaifu mmoja: linamtii yeyote, flashi ya kamera yoyote ukumbini ingeliamsha na kunimalizia chaji. Lakini simu zilikuwa kapuni na kamera ilikuwa moja. Ukumbi mzima ulikuwa na "sasa" moja tu. Gauni nilifungua. Bibi zetu wazaa chema waliokuja kumtunza na mabuibui yao, nilifunga. Mara mbili nilisahau, na kioo cha nyuma cha kamera kikaniambia papo hapo, kitu ambacho shangazi aliambiwa wiki moja baadaye, dukani, na picha zilizokwisha kuchapwa.

Kwa ajili ya makala hii nilimwomba anionyeshe kazi zake. Harusi za miaka karibu ishirini, nikafikiri, hapa kuna sanduku. Picha za Riis ziko Museum of the City of New York. Malick Sidibé, aliyewafuata vijana wa Bamako kwenye dansi zao za usiku na flashi yake, alitunza negativu zake, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu huko Venice. Shangazi alinitolea picha tatu: mbili za paka, na moja ya harusi yake mwenyewe, aliyopigwa na mumewe.

"Na zingine?"

"Zingine si zangu."

Ndilo lililokuwa sharti, na hakuwahi kuliandika popote. Kwenye duka la kusafisha filamu alisimama kando ya mashine mpaka picha ya mwisho itoke, asiruhusu hata moja iongezwe ya kubandikwa dirishani. Negativu akazitia bahasha, akampelekea bibi harusi mkononi. Wengine walizichoma walipotalikiana. Wengine wameshakufa na hajui nani alifungua kabati. Mimi nilitaka kubishana naye, nikamwambia hiyo ni historia ya wanawake wa Mombasa imetawanyika kwenye mabahasha. Akasema haijatawanyika, kila mtu ana yake.

Saa saba usiku nikaitoa kadi kwenye kamera nikamkabidhi binti ya ami. Akaitia kwenye kimkoba chake cha dhahabu bila kuitazama. Kamera ikarudi kwa mwenyewe asubuhi, nzima.

Ule mstari wa tatu kwenye plasta, shangazi hakumbuki ulisemaje. Pale ulipofutika nimeandika kwa biki yangu: FLASHI YA KAMERA MANUALI. Kisha nikatoa betri zote nne, kama alivyoniagiza, kwa sababu hewa ya bahari haingoji.